Kanga ya makutano: shajara ya kupanga na kuchora upya kona ya mtaa wetu, Temeke

Makutano yenyewe yako ndani ya Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, pale barabara mbili za mtaa zinapokatana. Upande mmoja kuna shule ya msingi, upande wa pili msikiti, na katikati kuna genge la mboga, mama lishe watatu, kijiwe cha bodaboda na bajaji, na mtaro uliopoteza nusu ya mifuniko yake. Lami ilipowekwa tulishangilia, magari nayo yakapata mbio. Njia ya waenda kwa miguu haikuwekwa. Watoto wa darasa la kwanza wanapita barabara moja na malori ya mchanga.

Shajara hii ni kwa ajili ya mtaa mwingine wowote unaotaka kufanya kazi kama hii, ya kupaka rangi makutano na kuzibana kona zake ili magari yapunguze mwendo, bila kulipia mara mbili kile ambacho sisi tumeshakilipia. Mambo yaliyokwenda vizuri nimeyapitia haraka. Yaliyokwama nimeyaeleza kwa kirefu, na bei nimeziandika kama tulivyolipa.

17 Juni 2023. Mkutano wa kwanza

Ulifanyika ofisi ya serikali ya mtaa, saa kumi jioni. Walikuja wazee wa baraza, wajumbe wa mashina, wenye maduka, vijana wachache wa bodaboda. Mwenyekiti aliuliza swali la haki kabisa: rangi itazuia vipi gari? Nilimjibu kwa mifano miwili. Wa kwanza ni wa hapa hapa Dar es Salaam: Amend, shirika la usalama barabarani, kupitia mradi wake wa SARSAI limekuwa likikagua barabara za karibu na shule na kuweka matuta, vivuko, nguzo na njia za miguu, vitu vya bei ndogo, na mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute. Wa pili ni utafiti wa shirika la hisani la Marekani, Bloomberg Philanthropies, wa mwaka 2022 kuhusu michoro ya barabarani katika maeneo 17 ya Marekani: ajali zilizohusisha waenda kwa miguu na waendesha baiskeli zilipungua kwa asilimia 50 baada ya kuchora. Nikaongeza kwamba Marekani si Temeke, na kwamba maeneo mengi ya namna hiyo hayakupewa rangi tu, kona zake zilibanwa pia ili dereva apunguze mwendo anapokata.

Mkutano ulikubali kwa kauli moja, lakini ukimtazama aliyekubali unaona kasoro. Ofisi iko juu ya ngazi saba. Jirani yetu anayetumia kiti mwendo alibaki chini akisikiliza kupitia dirishani. Mama lishe saa kumi wanaosha vyombo na kuandaa chakula cha jioni. Kiziwi mmoja anayeshona viatu pale pale kwenye kona hakujua hata kama kuna mkutano, maana tangazo lilipitishwa kwa kipaza sauti.

24 Juni 2023. Mkutano wa pili, barabarani

Tuliuhamishia kwenye makutano yenyewe, saa tatu asubuhi, Jumamosi. Tulimlipa mkalimani wa lugha ya alama shilingi 50,000. Chaki, uzi, chai na maandazi vilikula 48,000. Nashauri mtu asijaribu kuokoa pesa hapa, kwa sababu kila shilingi iliyotumika siku hii ilituepusha na gharama kubwa mbele.

Kila mtu alipewa chaki akachora chini mahali anapopita na mahali anapoogopa. Wanafunzi wa darasa la nne walichora njia zao kutoka nyumbani. Sisi watu wazima tulitegemea wataweka alama katikati ya makutano. Wao waliweka alama kwenye mtaro: pale mifuniko ilipokosekana wanalazimika kushuka barabarani, na hapo ndipo gari linapowakuta. Fundi viatu akachora duara kuzunguka kiti chake na kueleza kwa alama kwamba yeye hasikii honi, kwa hiyo anahitaji kitu cha kumlinda mgongo, hata kama ni tairi. Mama mmoja wa chakula akachora mstari mrefu kutoka jikoni kwake hadi bombani, na hapo tukajua kwamba kivuko tulichokuwa tumekipanga mbele ya lango la shule hakimsaidii mtu anayevuka na ndoo mara nyingi kuliko wote.

Kivuko kikasogezwa. Na mifuniko ya mtaro ikawa kazi ya kwanza, kabla ya tone lolote la rangi.

29 Julai 2023. Mifuniko na mchoro

Mifuniko ya zege imekamilika: nondo, saruji, kokoto na fundi, jumla 215,000. Kila mmoja umeachiwa tundu dogo la kuingiza chuma cha kuinulia wakati wa kuzibua, vinginevyo wazibuaji wataivunja kwa nyundo.

Kibali nacho kimepatikana. Kwa wanaofuata nyuma yetu: barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017, kwa hiyo barua ianzie serikali ya mtaa, ipite kwa mtendaji wa kata, ifike huko. Ambatanisha mchoro wenye vipimo. Masharti tuliyopewa yalikuwa ya maana: mistari myeupe ya pundamilia isiguswe, na kusiwe na rangi inayofanana na alama za usalama barabarani.

Mchoro wenyewe ulileta mjadala mtamu kuliko yote. Wasanii wetu wawili wamekulia kwenye Tingatinga, sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 pale Oysterbay, akichora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za dari. Wakaleta chui, tausi na samaki. Watoto walirukaruka. Wazee wa msikiti wakasema kwa upole kwamba picha za viumbe hai mbele ya mlango wa ibada zitawakwaza, tena zinakanyagwa. Hoja ilieleweka, hakuna aliyeishindania.

Suluhisho lilitoka kwa akina mama wa kikoba: makutano yavikwe kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina. Pindo litakuwa ukanda unaobana kona na kumwonyesha mtu mpaka wa barabara. Mji utakuwa maua na korosho, hakuna kiumbe. Wanyama wa wasanii wetu wakahamia ukuta wa ndani wa shule, ambako wanaonekana hadi leo. Jina lilichukua jioni nzima, kwa kuwa kila mama alikuwa na lake na mengine yalikuwa mafumbo ya kumlenga jirani aliyekaa pale pale. Lililoshinda ni MPISHE MWENZIO NAYE AFIKE. Trafiki alishauri maneno yasiwekwe kwenye lami kwa kuwa dereva ataondoa macho mbele ili asome. Yameandikwa ukutani, kwa herufi kubwa.

12 Agosti 2023. Jaribio la matairi

Kabla ya kupaka, tulizibana kona kwa matairi chakavu 24 yaliyopakwa rangi nyeupe ya maji. Matairi 60,000, rangi 75,000, usafiri 30,000.

Bodaboda walikuwa wamekataa katakata: kona zikibanwa, kijiwe chao kinapotea. Tulikubaliana jaribio liende wiki moja na wao ndio walinzi wa matairi. Siku ya pili gari la taka lilishindwa kukata kona ya upande wa shule, likapanda matairi manne na kuyasukuma hadi mtaroni. Ilibidi kona hiyo ilegezwe kwa mita moja na nusu. Kona tatu zilizobaki zilikaa sawa. Na kijiwe kimepata mahali pake rasmi nyuma ya pindo, penye kivuli cha mwarobaini, ambapo abiria anapanda bila kusimama barabarani. Mwenyekiti wa kijiwe, aliyekuwa mpinzani mkubwa, ndiye sasa anayewafukuza wanaoegesha kwenye kivuko.

Kama bajeti yako inaruhusu jambo moja tu, fanya hili la matairi. Kosa la tairi linasahihishwa kwa mikono miwili. La zege linahitaji nyundo na mfuko mwingine wa saruji.

16 Septemba 2023. Siku ya kupaka

Barabara ilifungwa asubuhi hadi jioni. Ilifagiliwa, ikaoshwa kwa sabuni, ikaachwa ikauke. Wasanii walipiga mistari kwa uzi na chaki, wakazi wakajaza rangi kwa rola. Rangi ya mafuta makopo kumi ya lita nne, 380,000. Thina 35,000. Rola na brashi 62,000. Tepu ya kuzibia kingo 30,000. Wasanii 300,000. Chakula kutoka kwa mama lishe wetu 90,000. Jumla 897,000.

Rangi ya mafuta ndiyo wasanii wa Tingatinga wanayoijua, inang'aa, na wakati huo ilionekana ya bei nafuu kuliko rangi maalumu ya barabara. Jioni ile makutano yalikuwa mazuri mno, na ile ari ya watu kupaka mtaa wao wenyewe siwezi kuipima kwa shilingi. Lakini karibu kila kitu tulichopaka siku hii kimeondolewa, kama nitakavyoeleza.

15 Oktoba 2023. Siku ya Fimbo Nyeupe

Tuliitumia siku hii kuwaalika wasioona na wenye uoni hafifu wapite kwenye makutano wakati rangi bado mpya. Lilikuwa jambo la kufanya kabla ya kupaka, kwa sababu kwenye chaki ya Juni hatukuwa na hata mmoja wao.

Bibi mmoja wa mtaa, ambaye macho yake yamefifia kwa presha ya macho, alifika kwenye ukingo wa kivuko akasimama. Mjukuu wake akamvuta mkono. Hakusogea.

"Bibi, twende, hakuna gari."

"Gari silisikii. Lakini hapo mbele pana shimo."

Hapakuwa na shimo. Palikuwa na ua kubwa la buluu iliyokoza, limezungukwa na njano. Kwa mtu anayeona ukungu, doa jeusi ndani ya rangi angavu ni shimo, na yeye ana haki ya kusimama. Akaenda na fimbo yake akaligusa ua taratibu, akapiga kingo zake, akagusa tena katikati, ndipo akavuka. Alichukua muda mrefu kuliko taa yoyote ya kivuko ingemruhusu.

Mzee mwingine, haoni kabisa, yeye rangi haikumsumbua wala haikumsaidia. Tatizo lake ni kwamba tulisawazisha ukingo ili kiti mwendo kipite, na fimbo yake haikupata tena mahali barabara inapoanzia. Alijikuta katikati ya lami bila kujua.

Haya si ya Temeke peke yake. Mwaka 2021 watetezi wa watu wenye ulemavu London walimwandikia meya kupinga vivuko vya rangi nyingi, na mamlaka ya usafiri ikasitisha kuweka vipya. Kabla ya hapo, mwaka 2018, serikali ya Uingereza iliziomba halmashauri zisimamishe miradi ya barabara zilizosawazishwa bila ukingo, kwa malalamiko kama ya mzee wetu. Hakuna sababu mtaa mwingine wa Dar es Salaam ungoje kuyapata haya kwa mguu wa bibi wa mtu.

Uamuzi uliofikiwa pale pale barabarani: ndani ya kivuko na mita moja kila upande kusiwe na mchoro wowote, ila nyeupe na lami tupu. Maua yahamie kwenye kona, ambako hakuna anayevuka.

18 Novemba 2023. Mvua za El Niño

Vuli ya mwaka huu imekuja na El Niño, kama Mamlaka ya Hali ya Hewa ilivyotabiri. Rangi ya mafuta ikilowa inateleza kama kambare. Bodaboda wawili wameanguka kwenye pindo walipokuwa wakikata kona, mmoja amechubuka goti, mwingine amepasua taa. Tumemwaga mchanga juu ya pindo kila kunaponyesha, na kijiwe kimefidia taa kwa mchango wa pamoja.

Pia imebanduka. Pale bajaji zinapoegesha, oili iliyodondoka imeingia chini ya rangi na kuinyanyua vipande vipande. Pale maji yanapotuama kwa sababu mtaro umezidiwa, rangi imetoka yote. Sabuni ya kawaida tuliyooshea Septemba haikutosha kuondoa oili.

Mwendo wa magari, hata hivyo, umepungua kwa macho ya kila mtu, na mlezi wa shule anayevusha watoto anasema sasa madereva wanasimama bila yeye kuingia barabarani kwanza. Naamini kazi hiyo imefanywa na kona zilizobanwa kuliko rangi, kwa sababu imeendelea hata rangi ilipobanduka.

20 Januari 2024. Zege

Shule zimefunguliwa, fedha zimepatikana: sehemu kutoka kikoba na wenye maduka, sehemu kutoka kwa mzaliwa wa mtaa huu anayefanya kazi Muscat.

Miteremko ya viti mwendo imevunjwa na kumwagwa upya. Fundi alikuwa ameijenga mifupi, urefu wa sentimita 90 kwa ukingo wa sentimita 15, na jirani yetu alipopanda kiti kilitaka kumrudisha nyuma. Kipimo sahihi ni 1 kwa 12, yaani ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa sentimita 180. Fundi mwambie kwa sentimita, usimwambie kwa uwiano, na umpimie mwenyewe kwa futi kamba kabla zege halijamwagwa.

Kwa wasioona tumeweka vigae vya kuhisi kwa mguu, vile vilivyobuniwa na Seiichi Miyake wa Japani na kuwekwa mara ya kwanza Okayama tarehe 18 Machi 1967. Vyenye vidoti maana yake simama, vyenye mistari maana yake fuata. Vya kununua vilikuwa ghali, kwa hiyo vimefyatuliwa hapa hapa kwa ubao uliotobolewa matundu. Vya kwanza vilitoka na vidoti vya karibu sentimita moja: vinaumiza mguu wenye kandambili na vinatikisa kiti mwendo. Tulipunguza kina cha matundu hadi milimita tano, ndicho kipimo kinachotumika kwingine, na vikawa sawa. Unga wa rangi ya njano ulichanganywa ndani ya saruji, kwa hiyo hata vikisagika havipotezi rangi.

Mzee wetu alivipitia siku saruji ilipokauka, kwanza kwa fimbo, kisha akavua kiatu akasimama juu ya vidoti kwa unyayo. Alituagiza tuongeze safu moja zaidi, kwa sababu mtu mwenye hatua ndefu anaweza kuiruka safu moja bila kuikanyaga. Imeongezwa.

Saruji mifuko 14 kwa 17,000 ni 238,000. Kokoto na mchanga 280,000. Fundi na vibarua 350,000.

10 Februari 2024. Rangi ya pili

Iliyobaki ya Septemba ilikwanguliwa kwa brashi za waya, 60,000 pamoja na vibarua. Madoa ya oili yalisuguliwa kwa sabuni kali na kuoshwa mara kadhaa. Maegesho ya bajaji yameachwa lami tupu kabisa, hakuna rangi itakayodumu pale.

Safari hii tumetumia rangi ya barabara, ndoo nne za lita 20 kwa 260,000, jumla 1,040,000. Lita moja kwetu imefunika kama mita mraba mbili na nusu. Mkono wa kwanza ulipokuwa bado mbichi tulinyunyiza mchanga laini uliochekechwa (20,000) ili usiteleze. Kwenye pindo na mistari ya kivuko tulinyunyiza shanga za kioo (mfuko 110,000) ili taa za gari zirudishe mwanga usiku. Angalizo: mchanga na shanga visichanganywe sehemu moja. Kwenye mita za mwanzo za pindo vilichanganywa, na usiku sehemu hiyo haiwaki kama nyingine.

Buluu iliyokoza haipo tena. Maua ni mekundu na njano juu ya nyeupe, yamekaa kwenye kona tu. Bibi alivuka bila kusimama, akauliza ua lake limepelekwa wapi. Akaonyeshwa.

25 Mei 2024. Baada ya masika

Masika yalikuwa mazito, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Rangi imeshika sehemu kubwa. Imechakaa kwenye kona ya gari la taka na mbele ya bomba, ambako ndoo zinaburutwa. Hakuna bodaboda aliyeteleza kwenye pindo tangu Februari. Kigae kimoja cha vidoti kimepasuka chini ya gurudumu la lori lililopanda kona, kimebadilishwa na vile vya akiba, kwa hiyo fyatua vya ziada tangu mwanzo.

Jumla ya kazi nzima ni 3,473,000. Kati ya hizo 897,000 za Septemba zilikwenda karibu zote na maji, ukiacha posho ya wasanii na chakula, ambavyo vingelipwa kwa vyovyote.

Kinachofuata: kupaka upya mistari ya kivuko kila baada ya masika, kazi ambayo kijiwe na kamati ya shule wamegawana, na mfuko wake unachangiwa 500 kwa wiki na kila pikipiki. Taa ya barabarani upande wa bomba bado haijapatikana, barua imepelekwa. Mtaa wa jirani umeshachukua ule ubao wa kufyatulia vigae na matairi yote yaliyobaki. Tumewaomba waanze na wasioona, na wachore kwa chaki kwanza.